Mkamue Jioni Hiyo

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Walukuba. Mama yako hajambo, na wadogo zako kila siku wanauliza kama kweli utakuja hapa Jinja na ng'ombe kwenye maonyesho ya mifugo.

Juzi kwenye simu ulinieleza jambo nikanyamaza, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Ulisema wenzako wa huko Mbarara wamekushauri usimkamue Friesian wako jioni ya kuamkia maonyesho, ili asubuhi aingie uwanjani kiwele kimejaa kama ngoma. Nilishindwa kukujibu bila kupandisha sauti, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nakuomba usifanye hivyo.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa nakamua ng'ombe wa babu yako kule Tororo. Siku moja jirani aliozesha, nikaenda harusini jioni nikijiambia kuwa zamu moja tu haitamdhuru ng'ombe. Usiku maziwa yakaanza kuvuja yenyewe, naye kalala kwenye tope la zizi. Chuchu inayovuja imeacha mlango wazi kwa vijidudu. Siku ya tatu robo moja ya kiwele, yaani sehemu ya chuchu moja kati ya zile nne, ilikuwa ngumu na ya moto, maziwa yake mabonge mabonge na damu. Tulimtibu akapona, lakini robo ile haikutoa maziwa tena. Babu yako hakunipiga. Alinikabidhi ng'ombe yule niwe namkamua mimi peke yangu, asubuhi na jioni, mpaka alipouzwa kwa bei ya chini. Kila siku mkono wangu ulipita kwenye ile chuchu kavu.

Wewe huyo Friesian wako umemlea tangu ndama, ukamnywesha dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, siku aliyozaliwa. Uzao wake wa kwanza huu. Ana miaka mingi ya kukamuliwa mbele yake, na maonyesho yataisha.

Tena mwamuzi anayeijua kazi yake hadanganyiki na ujazo. Anatazama kama kiwele kimeshikamana vizuri na tumbo, kama nyuma kimeinuka na hakijashuka chini ya goti la mguu wa nyuma, kama chuchu zimekaa sawasawa. Anatazama mgongo, kwato na mwendo. Ng'ombe aliyebanwa na maziwa hutembea ametanua miguu ya nyuma kwa maumivu, na hilo litaonekana kabla hujamaliza nusu ya mzunguko.

Kwa hiyo mkamue kama siku zote: mikamuo ya kwanza kwenye kikombe uikague, maliza maziwa yote, chovya chuchu kwenye dawa. Kisha mwekee majani ale akiwa amesimama, maana tundu la chuchu huchukua kama nusu saa kujifunga. Hilo la nusu saa mimi sikulijua wakati ule.

Ukimwosha, kagua ndani ya masikio. Kupe wanaoeneza ugonjwa wa ndigana kali hupenda kukaa humo. Na jioni mtembeze kwa hatamu kando ya barabara yenye bodaboda azoee kelele. Akishtuka anazuia maziwa, na atakuvuta mkono.

Kibali cha kumsafirisha kiombe mapema kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Ugonjwa wa midomo na kwato ukizuka, karantini itawekwa na hakuna ng'ombe atakayetoka. Likitokea hilo, baki huko. Mtu akikuambia lori litapita usiku njia za panya, mkatalie, hata akiwa mkubwa kwako. Nitaumia kutokukuona, lakini ng'ombe wa watu wengine wasiugue kwa sababu yetu.

Matete ya kumlisha nimeshaagiza kwa jirani, na pipa la maji nimelisugua. Safari ni ndefu, kiwele kitakuwa kimejaa mkifika. Nipigie hata ikiwa saa nane za usiku, nitakuja na ndoo na maji ya moto tumkamue pamoja.

Baba yako