Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya malikale: tuonyesheni picha za vitu vyetu walivyochukua Wajerumani, wazee wakiwa bado hai

Mheshimiwa Waziri,

Mbukwa. Nakusalimu kwa heshima yote inayostahili cheo chako, ingawa nitakuwa mwongo nikisema naandika kwa moyo mweupe.

Wiki iliyopita, katika ofisi moja ya umma hapa Dodoma ambayo sitaitaja, kijana aliyepokea barua yangu ya kuulizia vitu vya ukoo wetu vilivyochukuliwa na Wajerumani alisoma mistari miwili, akaweka kikombe cha chai juu yake, akasema: "Mzee, hivyo vitu ni mali ya Serikali. Wewe unadai kama nani?"

Nadai kama mjukuu. Ukoo wetu ulikuwa na utemi upande wa Kilimatinde kabla Wajerumani hawajajenga boma lao pale. Walipokuja walichukua ng'ombe, wakachukua ngoma, wakachukua na kigoda cha babu wa babu yangu. Ng'ombe tumewasamehe, walishaliwa. Na haya si masimulizi ya vijiweni. Mjerumani Carl Peters alipopita Ugogo mwaka 1890 alichoma vijiji na kuswaga mifugo, kisha akarudi kwao akayaandika kwa majigambo. Mwaka mmoja kabla, serikali yao ilikwisha kuamua kwamba vitu vinavyokusanywa na misafara ya serikali huku makoloni vipelekwe Berlin. Kwa hiyo pa kuulizia panajulikana.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, akakutana na kizazi cha Chifu Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akaomba msamaha. Siku moja nyuma, Dar es Salaam, alisema nchi yake iko tayari kushirikiana nasi kurejesha mali za utamaduni na mabaki ya wazee wetu. Tulifurahi. Tukaambiwa mazungumzo yanaendelea. Sina shaka yanaendelea, Mheshimiwa, mazungumzo ya kwenye kiyoyozi huwa hayachoshi. Ninachouliza ni nani amekaa kwenye kile kiti cha mwenye mali.

Maana Wazungu, yalipowafika wenyewe, hawakuona ajabu mjukuu kudai. Mwaka 1998 nchi 44 zilikutana Washington zikakubaliana kuhusu sanaa iliyoporwa na Wanazi: itambuliwe, itangazwe hadharani, na wenyewe au warithi wao watafutwe. Makubaliano yale hayana nguvu ya sheria, najua. Lakini mama mmoja aliyekuwa akiishi Los Angeles, Maria Altmann, alidai michoro ya Gustav Klimt iliyokuwa ya ami yake. Austria nayo ilisema ni mali ya taifa, maneno yale yale ya kijana wa kikombe. Mwaka 2006 ikashindwa, ikarudisha michoro mitano. Mama yule alikuwa anakaribia miaka 90.

Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, liliporudi kutoka Ujerumani mwaka 1954, miaka 35 baada ya mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe, gavana Mwingereza alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, yule yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mkoloni alijua mjukuu ni nani!

Nahisi kinachowatia hofu ni uchifu. Mnaona tukipewa kigoda leo, kesho tutadai na ardhi. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, sawa. Lakini mwaka 2021 Rais wetu, Samia Suluhu Hassan, alisimikwa uchifu Mwanza akapewa jina la Hangaya, na hapa Dodoma akija mgeni mkubwa wazee wanaitwa wavae migolole. Siku ya sherehe uchifu upo, siku ya madai ulishafutwa.

Mheshimiwa, nina shangazi, macho yake yameanza kuingia ukungu. Kigoda hakukiona, ila bibi yake alimsimulia kila kitu: gogo moja lisilo na kiungo, na mguu mmoja una ufa uliofungwa kwa waya wa shaba, mizunguko mitatu, kwa sababu mtemi alikiangusha kigoda kwa hasira akiamua kesi ya mahari. Mtaalamu gani wa Berlin anayajua hayo? Vitabu vya makumbusho huandika jina la ofisa aliyepeleka vitu, la aliyenyang'anywa haliandikwi. Kuna koo ngapi zenye shangazi kama huyu, huko Mpwapwa, Manyoni, Iramba? Nanyi mnatuambia tusubiri.

Sikudai fidia. Hata kigoda chenyewe kikirudi kikawekwa makumbusho, tutazungumza. Ninachoomba ni picha. Waombeni Wajerumani orodha na picha za vitu vilivyotoka kanda hii, zichapwe, zibandikwe ofisi za kata, kwa Kiswahili, kabla hamjasaini chochote. Kama kata zote ni nyingi, anzeni na Kilimatinde. Kama karatasi hakuna, tutanunua sisi. Picha tu, Mheshimiwa, na ziwe kubwa, maana shangazi haoni vizuri.

Wako mtiifu, mpaka sasa,
Mjukuu wa Kilimatinde,
Dodoma