Mahali pa tangazo ndani ya makala

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili. Unauliza matangazo uyapachike wapi katika makala zako, kwa kuwa sasa tovuti ni yako mwenyewe, seva unailipia wewe na hakuna wa kukupangia. Nimefurahi umeuliza mapema. Mimi nilianza kwanza, kuuliza kukaja baadaye.

Nilinakili msimbo wa tangazo, yaani mistari ya maagizo inayolileta tangazo kwenye ukurasa, nikaubandika kwa mkono ndani ya kila makala. Miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Kisha kampuni iliyokuwa ikinipa matangazo ikabadilisha msimbo wake, na kila palipokuwa na tangazo pakabaki pengo jeupe. Ikabidi nifungue makala moja moja, usiku baada ya usiku, nikiitafuta ile mistari na kuifuta. Usijitie katika kazi hiyo. Kama tovuti yako unaiendesha kwa WordPress, zipo programu-jalizi, yaani programu ndogo za kuiongezea kazi, kama Ad Inserter na Advanced Ads. Msimbo unauweka mara moja, unachagua utokee baada ya aya ya ngapi, nayo inautia wakati ukurasa unapofunguliwa. Maandishi yako hayaguswi, na siku ukihama kampuni unabadilisha mahali pamoja tu. (Ukipenda kuandika msimbo mwenyewe kwenye functions.php, faili la themu inayoipa tovuti sura yake, tumia themu-tanzu, ile ndogo inayoitegemea themu kuu, la sivyo themu ikisasishwa kazi yako yote inapotea.)

Lakini programu huhesabu aya tu, haijui unasema nini. Aya ya tatu inaweza kuishia na "fuata hatua hizi:", halafu hatua zenyewe zikawa chini ya tangazo la viatu. Msomaji ataona makala imekatika. Mimi hulipeleka tangazo la kwanza pale wazo la kwanza limekwisha, kabla tu ya kichwa kidogo kinachofuata, na la pili huliweka mbali kabisa na hilo. Makala fupi, moja linatosha. Viwango vya Coalition for Better Ads, muungano wa kampuni na vyama vya matangazo ya mtandaoni, vinataka matangazo kwenye simu yasizidi asilimia 30 ya urefu wa makala. Kwangu hata hiyo ni nyingi mno.

Linaloniuma zaidi ni maandishi kuruka. Siku moja nilikaa na dada yangu akisoma makala yangu kwa simu. Kidole kilikuwa kinashuka kwenye kiungo, tangazo likaingia juu yake, aya zote zikasukumwa chini, akajikuta amebofya tangazo. Akaniuliza, "Mbona umenileta huku?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo kila tangazo nalitengea nafasi yake kabla halijafika: likiwa la pikseli 300 kwa 250, kisanduku chake nakipa urefu usiopungua 250. Google nayo huupima mruko huo, na alama nzuri ni 0.1 au pungufu. Tena mibofyo ya bahati mbaya si faida kwako, kwani AdSense, huduma ya matangazo ya Google, huihesabu kuwa batili, sawa na ukibofya matangazo yako mwenyewe.

Ukishaweka la kwanza, nitumie kiungo cha makala. Nitaisoma kwa simu, polepole, nikuambie ni wapi nimekwama.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.