Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi, siku ya wazazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni. Karibu sana mheshimiwa, na asante kwa ile ahadi ya pampu ya sola ya kisima chetu kipya, ila ndo hiyo hiyo tunataka kuiongelea.

Hapa kwetu Dodoma ukichimba chini unakuta itale, lile jiwe gumu, na itale hainyonyi maji kama mchanga, maji yanapita kwenye nyufa zake basi. Ufa ukipanuka mara 2 maji yanayopita yanakua mara 8, ndo maana kisima kimoja kinanywesha kijiji na jirani yake anatoa vumbi tu. Siku fundi anachimba, kompresa ilivyopuliza hewa kwenye shimo jipya, kile kisima cha zamani cha pale kwenye mbuyu kikaanza kutoa mapovu, tukajua kumbe nyufa zimeungana, kwahiyo ukivuta huku unapunguza na kule.

Sasa fundi alivuta maji ya kisima kipya na kupima kwa saa 2 tu, akaandika maji mengi. Sisi tulirudia kwa saa 6, tuna kamba yenye uzito, ndoo ya lita 20 na simu ya mwalimu ya kuhesabia muda. Saa 3 za kwanza maji yalishuka taratibu mpaka tukafurahi, halafu yalipofika chini ya ufa mkubwa unaoleta maji yakaporomoka ghafla, pampu ya kupimia ikaanza kukoroma na kutema hewa. Tukazima, tukakaa kupima yanavyopanda hadi giza likaingia na hayakurudi pale yalipokuwa.

Kwenye visima vya Makutupora, hapa hapa Dodoma, kina cha maji kimepimwa zaidi ya miaka 50, na ni vipimo hivyo vilivyoonyesha kwamba visima vile vinajazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Nino ya 1997/98, sio kila mwaka. Daftari la mwaka 1 lisingeonyesha hilo.

Kwahiyo mheshimiwa tunakuomba sana, kabla pampu haijanunuliwa kisima kipimwe saa 24 mfululizo na baada ya kuzima kipimwe pia kinavyopanda, pampu iendane na kisima. Na tupate dip mita moja, ule utepe wa kupimia kina unaolia ukigusa maji, maana kamba inatudanganya ikilowa. Kupima kila Jumamosi tutapima wenyewe, kidato cha pili wameshafundishwa na daftari lipo.

Tunaomba kuwasilisha.