Wageni wa Mida wanakuja kwenu

Watamu, 9 Aprili

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi huku tu wazima, mama anakusalimu sana na anauliza ile halua ya Maskati itafika lini. Ama baada ya salamu, nakuandikia matope hayajanikauka miguuni. Nimerudi Mida, kwenye hori yetu ya mikoko, sasa hivi, na nisipoandika leo, kesho nusu yake itakuwa imenitoka.

Nilikwenda kuwaaga ndege. Unawakumbuka wale weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene, waliokuwa wakisimama kwa makundi kwenye fungu la mchanga? Tulipokuwa wadogo wote kwetu walikuwa vitwitwi tu, mkubwa kitwitwi, mdogo kitwitwi. Huyu mimi sasa namwita mla kaa, kwa kuwa kaa ndio riziki yake, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu, maana safari yake ni ya huko Omani ulipo. Anazaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba na Bahari ya Arabuni. Tena hajengi kiota kama wenzake. Anachimba shimo refu mchangani, anaingia ndani na kutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga linamsaidia kulitunza. Katika ndege wote wa matopeni hakuna mwingine afanyaye hivyo.

Mwezi wa Novemba niliona jambo ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni. Maji yalikuwa yanakupwa, mla kaa mmoja anatembea polepole, na nyuma yake mwanawe, kimo sawa na mzazi ila rangi imefifia, kijivu kijivu. Mzazi akasimama. Akapiga hatua tatu za mbio, akamchomoa kaa mdogo, akambamiza kwenye matope mpaka miguu ikakatika, kisha akageuka akampa mtoto. Mtoto ameinama, analia kwa sauti nyembamba ya kuomba, haachi hata akiwa na chakula mdomoni. Fikiri, shoga yangu: kiumbe huyu ameruka kutoka Arabuni kwa mbawa zake mwenyewe, na bado mamake au babake anamlisha. Vitwitwi wengi huwaacha watoto wao kulekule walikozaliwa, wajitafutie njia. Mla kaa huja na mwanawe hadi Mida na kuendelea kumlea kwa miezi. Nilikaa pale kwenye kibanda cha kutazamia, mwisho wa lile daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, mpaka darubini ikaingia ukungu.

Darubini yenyewe ni ya kuazima, lakini nimegundua si kitu kikubwa. Kikubwa ni kuyajua maji. Mjomba, kwa vile ni mvuvi, alinicheka siku ya kwanza nilipokwenda saa nne asubuhi siku ya bamvua, maji yamekupwa yote na ndege wako mbali kama punje za mchele. Akaniambia niende saa nane mchana, nikae nitulie, maji yenyewe yataniletea. Na kweli. Yanapojaa yanawasukuma kidogo kidogo, matope yanapungua, na mwisho wanakuja mbele yako wenyewe, mia kwa mia, bila wewe kuinua mguu.

Hapo ndipo unapoona kuwa hawafanani hata kidogo. Wale wenye mdomo mfupi na macho makubwa wanakimbia, wanasimama kama wamegandishwa, wanadonoa, wanakimbia tena. Hao wanawinda kwa macho. Vitwitwi wa mdomo mrefu wanachoma matope bila kuangalia, kama cherehani, kwa sababu ncha ya mdomo wao inahisi mnyoo ulioko chini. Sululu, na ule mdomo wake uliopinda, anauingiza kwenye tundu la kaa, anamvuta nje, na kama ana matope anampeleka majini kumsuuza kabla ya kummeza. Yuko pia mmoja mdogo, miguu ya rangi ya chungwa, mdomo umepinda kwenda juu, anakimbia ameinamisha kichwa kama aliyeangusha shilingi. Huyo ndiye nimpendaye kuliko wote, usimwambie mla kaa.

Leo vitwitwi wa mdomo uliopinda walikuwa wamebadilika. Miezi yote hii walikuwa kijivu, huwezi kuwatenganisha na matope. Sasa kifua na tumbo ni jekundu kama tofali. Wamenenepa pia. Ndege wa gramu kama 60 hivi anajaza mafuta mwilini, kisha anaelekea Siberia, kwenye pwani za barafu kaskazini kabisa mwa Urusi, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa. Watoto wa mwaka jana hawaendi. Watabaki nasi kusi yote, na rangi yao ileile ya kijivu.

Ndiyo maana mwezi uliopita niliudhika mno. Maji yamejaa, ndege wote wamebanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki, wamelala kwa mguu mmoja, na wageni fulani wakarusha droni juu yao. Kundi lote likaruka. Likazunguka, likatua, droni ikashuka tena, likaruka tena. Mara nne nilihesabu. Kila mruko unachoma yale mafuta wanayoyahitaji njiani, na pale maji yalipojaa hawakuwa na pa kula. Niliwafuata nikawaeleza kwa upole, wakaishusha, wakaomba radhi. Hawakujua. Lakini mwaka 2024 vitwitwi hawa wa mdomo uliopinda walipandishwa daraja la hatari katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kwa sababu wanapungua duniani kote, na mimi siwezi kukaa kimya nikiona wanafukuzwa kwenye usingizi wao.

Gongoni nako nilifika mara moja, kwenye mabwawa ya chumvi. Joto la kule si mchezo, na chumvi inang'aa mpaka macho yanauma, lakini maji ya kina kifupi yalikuwa yamejaa wale wa miguu mirefu ya waridi. Nitakueleza siku nyingine.

Sasa nina ombi. Uliniambia jioni huwa mnatembea ufukweni. Nenda pale pasipo na watu wengi, maji yakiwa yanakupwa, uangalie. Mla kaa akipita na vitwitwi wekundu wakipita, basi wengine huenda nilikuwa nao leo. Tazama miguu. Watu wa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, wamekuwa wakiwanasa hapa Mida kwa nyavu laini, wanawavalisha pete ndogo ya chuma na kuwaachia. Ukiona pete, niandikie siku hiyohiyo, hata kama namba hukuisoma. Na kaskazi ikirudi, mwombe shemeji akupeleke Barr al Hikman, upande wa kisiwa cha Masirah. Nimesoma kwamba msimu huo wanakaa pale ndege wa matopeni zaidi ya nusu milioni. Nusu milioni! Mimi na Mida yangu nalia kwa mia kadhaa.

Wa kwanza kurudi huku watafika mwezi wa Agosti, baadhi yao bado wana mabaka mekundu kifuani. Kama likizo yako ni ileile uliyoisema, tutawapokea pamoja. Darubini nitakuachia wewe, mimi macho yangu yamezoea.

Wabusu watoto. Nisalimie shemeji.

Ni mimi shogayo,
Watamu