Biriani ina sabuni? Usimlaumu mwosha vyombo

Kwenye shughuli kubwa hawakosi wageni wawili watatu wanaosukuma sahani wakidai biriani ina sabuni, na jirani yao anaomba aongezwe. Mara nyingi sufuria ni safi kabisa. Kinachowakera ni kotmiri, ambayo wateja wetu wa Kenya huiita dania.

Harufu ya jani bichi la kotmiri hutokana hasa na aldehaidi. Kemikali za ukoo huo zimo kwenye sabuni, na hata kwenye uvundo wa kunguni. Puani mwetu mna aina kama 400 za vipokezi vya harufu, kila aina na jeni yake. Jeni ya OR6A2, iliyo kwenye kromosomu ya 11, hutengeneza kipokezi chepesi kunasa aldehaidi hizo. Mwaka 2012 kampuni ya kupima DNA ya 23andMe ya Marekani ililinganisha DNA za maelfu ya wateja wake, ikakuta kwamba kuonja sabuni kunaendana na tofauti ya herufi moja ya DNA karibu na jeni hiyo. Tofauti yenyewe inaeleza sehemu ndogo tu ya tatizo, na mazoea nayo yana nguvu, kwa hiyo usilipie kipimo cha DNA kwa ajili ya kachumbari.

Jipime bure. Fikicha jani moja unuse, kisha tafuna punje kavu ya mbegu yake. Jani likinuka sabuni na mbegu isikusumbue, chanzo ni aldehaidi. Mbegu hunukia linaloli, kemikali nyingine isiyo aldehaidi, hivyo viungo vya pilau kula tu. Kama ni maharage yenye ladha ya sabuni, shuku magadi yaliyozidi.

Kuchambua majani juu ya biriani hakusaidii: aldehaidi huyeyuka kwenye mafuta, na mafuta yameshashuka kwenye wali. Ndiyo maana sisi wapishi tunaomba mtuambie siku mbili kabla ya shughuli. Tunatenga sufuria ndogo, ubao na kisu chake, maana kisu kilichotoka kwenye kotmiri kikipita kwenye nyanya, kachumbari imeharibika. Badala ya kifungu kimoja cha kotmiri tunatia nusu kifungu cha nanaa na majani ya kitunguu. Nanaa ikizidi hapo, chakula kinakuwa dawa ya meno.

Anayeivumilia kidogo ajaribu chatini: twanga majani na pilipili, chumvi na ndimu, uache nusu saa. Kutwanga hufungulia vimeng'enya vya jani, navyo huvunja aldehaidi, kukatakata hakutoshi. Kwenye mchuzi, kotmiri itie mapema, si wakati wa kuepua, harufu itoke na mvuke.