Pikipiki iliyomwangusha mwenzako usiiuze wiki za kwanza, wala usiipande

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuseme na mke au mume ambaye mwenzake amelazwa kwa ajali ya pikipiki, na yeye mwenyewe bado anaendesha. Swali la kuacha au kuendelea humjia angali kwenye benchi la nje ya wodi. Ndugu wanamwambia auze. Mwenye pikipiki anataka hesabu yake, yaani fedha ambazo dereva humpelekea kila wiki. Hapa Tabora, ambako pikipiki ndiyo inayofikisha mtoto shule na gunia sokoni, uamuzi huo haufai kufanywa kwa hofu tu, wala kwa njaa tu.

Ushauri wetu, sisi tunaozitengeneza na kuziendesha, ni huu: wiki za kwanza usiiuze, wala usiipande. Ijulikane kwanza ajali ilisababishwa na nini. Anayeuza bila kujua anamkabidhi mwingine hatari ile ile, na anayepanda bila kujua anaifuata ilipo. Ipo na sababu nyingine inayosahaulika: anayeuguza halali. Amekesha wodini, alfajiri anakimbilia nyumbani kupika uji, saa moja yuko tena barabarani. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kusinzia sekunde mbili ni mita 22 ambazo pikipiki inakwenda bila dereva. Siku hizo panda daladala, au ndugu mwingine apeleke chakula.

Polisi wakishaikagua na kuiachia, ipeleke kwa fundi ambaye si yule aliyezoea kuihudumia. Kabla ya hapo isiguswe, maana taarifa yao pamoja na fomu ya PF3 ndivyo vitakavyodaiwa kwenye bima. Kipimo cha kwanza hakihitaji hata spana. Lowesha ardhi tambarare, isukume pikipiki moja kwa moja mita tano au sita, kisha inama utazame alama za matairi. Ya nyuma inatakiwa ipite juu ya ile ya mbele. Ukiona alama mbili zilizoachana, hata kwa upana wa kidole, basi ama gurudumu la nyuma limefungwa upande, ama shokapu za mbele zimepinda, ama chesisi imekunjika. La kwanza ni kazi ya dakika kumi kwenye vikaza cheni. La pili linataka shokapu zifunguliwe na mabomba yake yaviringishwe juu ya kioo, lililopinda litadunda. Hilo libadilishwe. Ukilinyoosha kwa nyundo litabaki dhaifu pale pale lilipopinda.

La tatu ndilo baya. Futa vumbi na grisi shingoni, pale bomba la chesisi linaposhika usukani, uangalie kwa tochi. Rangi iliyopasuka kama unywele kando ya mstari wa kuchomelea, na kutu nyekundu inayochungulia ndani yake, ni dalili kwamba chuma kimeachia. Shingo iliyopasuka ikachomelewa tena mtaani tunaikataa kabisa, kwa sababu chuma cha pembeni mwa mchomeleo kimekwisha kudhoofishwa na moto, na kitaachia siku pikipiki imebeba mzigo ikaingia kwenye shimo. Chesisi hiyo isirudi barabarani hata kwa bei ya kutupa.

Halafu weka gogo chini ya injini gurudumu la mbele lielee, shika shokapu zote mbili kwa chini, vuta na kusukuma. Kikigonga kitu, beringi za shingo zimelegea au zimekwisha. Zungusha usukani polepole. Ukinasa pale katikati, beringi zimechimbika, na pikipiki ya namna hiyo huyumba yenyewe ikishika kasi.

Kosa tunalokutana nalo kuliko yote liko kwenye breki ya mbele. Mtu aliwahi kuteleza nayo kwenye mchanga, akailegeza kwa makusudi na kuapa hataigusa tena. Kwenye lami kavu breki hiyo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya nguvu ya kusimama, kwa kuwa ukikamata breki uzito mwingi unahamia mbele. Chukua dereva aliye macho, matairi mazuri na breki zote mbili nzima: kwa kilomita 40 kwa saa atasimama katika mita 23 hivi, kwa 60 atahitaji kama 45. Anayetegemea mguu peke yake hafikii hesabu hiyo, wala mwenye breki shuu zilizobaki chini ya milimita 2. Ikiwa mwenzako aligonga kitu alichokuwa amekwisha kukiona, anza kuuliza hapo.

Pengine chombo kitakutwa kizima. Basi sababu ni njia, saa, abiria au dereva. Novemba na Desemba chini ya miembe ya mjini maembe yaliyopondwa na magari huacha utelezi ambao tairi lenye kipara haliushiki. Reli iliyolowa ikikatwa kimshazari huvuta gurudumu la mbele. Inakatwa kwa pembe mraba, bila breki. Mambo hayo yanarekebishika. Vivyo hivyo abiria aliyekaa upande, kanga ikaingia kwenye spoku: akae kwa kutanua miguu, nguo ifungwe juu ya magoti, na kava la cheni lirudishwe mahali pake. Mishikaki pia. Dereva anayebeba watatu amekwisha kukabidhi breki zake kwa bahati.

Lakini ikiwa ajali ilitokea usiku kwenye barabara kuu, ng'ombe akikatiza au lori limeegeshwa bila taa, na kazi yako ni ile ile, njia ile ile na saa ile ile, hakuna spana ya kulirekebisha hilo. Tunasema wazi: acha kazi ya usiku. Kama pasipo usiku haikulipi, acha pikipiki. Nyumba ambayo mmoja hawezi kusimama haimudu kumlaza na wa pili, na bima ndogo, ile inayolipa wengine waliodhurika tu, haimlipi dereva matibabu yake mwenyewe wala chombo chake.

Anayetaka kuendelea ajipime kwenye uwanja mtupu asubuhi, bila abiria. Kilomita 20 kwa saa, kamata breki zote mbili pamoja, mara kumi. Kisha 30, kisha 40. Ukiona mikono inakakamaa, au macho yanaganda kwenye kile unachotakiwa kukikwepa, hujawa tayari. Pikipiki hufuata macho ya dereva. Rudia baada ya wiki mbili. Mwezi ukipita bila mabadiliko, hilo ni jibu tosha, na halina aibu.

Kofia ngumu iliyopigwa katika ajali isivaliwe tena hata kama haina ufa. Sponji ngumu ya ndani ikishabonyea haibonyei mara ya pili. Kata mkanda wake kwa kisu ndipo uitupe, mtu asije akaiokota. Mpya ukishaifunga, mtu akusukumie kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka uso, si saizi yako.

Majeruhi naye atataka kurudi. Mfupa wa muundi uliovunjika vibaya huchukua miezi minne hadi sita kuunga, wakati mwingine zaidi, na kutolewa antena (vyuma vya nje vinavyoshikilia mfupa) au plasta si ruhusa ya kupanda. Breki ya nyuma iko mguu wa kulia, gia mguu wa kushoto, na kila ukisimama mguu mmoja unabeba chombo na abiria. Mpaka daktari aridhie, na mguu huo uweze kuchuchumaa na kuinuka bila kushikilia kitu, asubiri. Dawa kali za maumivu nazo hulewesha.

Mwisho, wenye pikipiki za mkataba, zile ambazo dereva hulipa hesabu mpaka ziwe zake. Madereva wengi huendelea kupanda wakiwa hawafai kwa sababu wakiirudisha wanapoteza kila walicholipa. Tunawaomba, kwenye karatasi ile ile inayotaja hesabu ya wiki, ongezeni mstari mmoja: dereva akiumia au akiuguza mwenzi aliyelazwa, hesabu inasimama kwa siku zinazotajwa na mkataba unasogea mbele kwa siku hizo hizo. Isainiwe mbele ya mashahidi wawili, kila upande ubaki na nakala.

Mafundi na madereva wa pikipiki,
Tabora Mjini