Mbegu Hufia Njiani: Tunavyozitunza Mbegu za Fahali kwenye Joto la Malindi

Simu nyingi zinazotufikia kutoka Ganda, Goshi, Kakuyuni na hata ng'ambo ya mto Sabaki, kule Mambrui na Gongoni, huanza na lalamiko moja. Ng'ombe kapandishwa mara mbili, mara tatu, pesa imekwenda, na kila baada ya siku 21 au karibu na hapo anarudi kwenye joto, yaani anataka dume tena. Mwenyewe humlaumu ng'ombe. Wengine humpeleka kwa mchinjaji wakiamini ni tasa. Kabla hujafika huko, tafadhali uliza jambo ambalo wafugaji wachache huliuliza: je, mbegu zilimfikia ng'ombe zikiwa hai?

Sisi ni wahudumu wa uhimilishaji hapa Malindi, yaani tunampandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali bila fahali mwenyewe kuwapo, na kazi yetu kubwa si kule kuingiza mkono na bomba. Hilo huchukua dakika chache. Kazi kubwa ni kuulinda mrija mwembamba wa plastiki, wenye mililita 0.25 au 0.5 za mbegu, tangu unapotoka kituoni hadi unapoingia kwenye kizazi cha ng'ombe wako. Ndani ya mtungi mbegu hulala kwenye naitrojeni ya maji, yaani gesi ya naitrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo zinaweza kukaa miaka mingi bila kuharibika. Nje ya mtungi, msimu wa kaskazi, kivulini tu hapa kwetu ni zaidi ya nyuzi 30. Tofauti hiyo ya nyuzi zaidi ya 220 ndiyo adui yetu wa kila siku.

Baridi yenyewe iliacha kuwa tatizo zamani. Mbegu ina maji ndani yake, na maji yakiganda hutanuka na kutoa vipande vya barafu vyenye ncha, sawa na chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza inavyopasuka. Ikigandishwa haraka mno, barafu hutokea ndani ya seli na kutoboa utando wake. Ikigandishwa polepole mno, barafu huanza nje, chumvi iliyobaki inakuwa kali, na seli hunyauka kwa kunyonywa maji. Mwaka 1949, huko Uingereza, watafiti Polge, Smith na Parkes walionyesha kwamba gliseroli, kimiminika kizito chenye utamu, huziwezesha mbegu kuvuka hatari hiyo. Tangu hapo mbegu za fahali huchanganywa na maji maalumu yenye gliseroli, na mara nyingi kiini cha yai kinachoukinga utando wa seli usipatwe na mshtuko wa baridi. Kisha hupozwa taratibu hadi nyuzi 4 au 5, zikaachwa saa kadhaa zizoee, ndipo zikagandishwa. Kituo cha serikali cha Kabete, Nairobi, kilichoanza mwaka 1946, huzipima mbegu kwa darubini kabla ya kuzitoa.

Hata hivyo sehemu kubwa ya mbegu hufa katika kugandishwa na kuyeyushwa. Wanaozitengeneza wanalijua hilo, kwa hiyo mrija wa kawaida hutiwa mbegu nyingi, mara nyingi milioni 15 hadi 20, ili zitakazobaki zitoshe. Mirija ya mbegu zilizochaguliwa kuzaa mitamba huwa na chache zaidi, hata milioni 2 tu, kwa hiyo haistahimili uzembe hata kidogo. Ukituomba hiyo tutakuuliza kwanza habari za ng'ombe wako, na tukiona hafai tutakwambia. Ni ghali, na hatutaki upoteze.

Sasa tuje kwenye madhara yanayofanyika huku kwetu vijijini. Mbegu zilizoganda hubaki salama zikiwa chini ya nyuzi 130 hasi, takriban. Zikipanda juu ya hapo, hata kama bado zinaonekana zimeganda kabisa, vipande vidogo vya barafu huanza kuungana kuwa vikubwa na kukata seli. Mrija ni mwembamba mno, hupanda joto ndani ya sekunde chache. Mhudumu akiinua kikapu cha mirija hadi nje ya mtungi ili asome majina ya mafahali kwa raha zake, mirija yote iliyomo inaumia, si ule mmoja anaoutafuta. Kuirudisha kwenye naitrojeni hakuiponyi. Madhara hujumlishwa, leo kwa jirani, kesho kwa shemeji yako, na keshokutwa mrija unaoletewa wewe una mbegu zilizokufa ingawa kwa macho hauna tofauti yoyote na mzima.

Ndiyo maana sisi huandika kwenye daftari ni fahali yupi yuko kikapu kipi kabla hatujatoka ofisini. Tukifika kwako, kikapu kinainuliwa ndani ya shingo ya mtungi tu, chini ya mstari wa barafu, mrija mmoja unachomolewa kwa kibano, na kikapu kinashuka. Tusipofanikiwa ndani ya sekunde 8 hivi, tunakishusha kipoe kwanza ndipo tujaribu tena.

Naitrojeni nayo hupungua kila siku hata mtungi usipofunguliwa, kwa sababu inachemka muda wote na kutoka kama mvuke. Tunapima kimo chake kwa kijiti cha mbao: unakitumbukiza, unakitoa, unakipunga hewani, na pale ukungu mweupe wa barafu unapoishia ndipo naitrojeni ilipofika. Mteja yeyote anaweza kutuomba tupime mbele yake. Ukiona barafu au jasho nje ya mtungi, shingoni, mtungi huo umepoteza ombwe lake, ile nafasi isiyo na hewa katikati ya kuta zake mbili, na hauhifadhi tena. Watoto wakae mbali tunapoufungua, maana lita 1 ya naitrojeni hutoa karibu lita 700 za hewa isiyopumulika, na tone lake huunguza ngozi kama moto. Kwa sababu hiyo pia hatuusafirishi kwenye gari lililofungwa vioo, na kifuniko chake hakikazwi kamwe.

Kuyeyusha ndiko kunakowashangaza wateja. Baada ya tahadhari zote za baridi, mrija unaingizwa moja kwa moja kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37! Ni lazima uyeyuke haraka, kwa sababu ukiyeyuka polepole unapita tena katika ile hatari ya barafu kuungana, na safari hii kwa muda mrefu. Basi tutakuomba maji moto kidogo, Mama, na mengine ya baridi tuchanganye. Hatupimi kwa kidole. Kipimajoto kinakaa ndani ya chupa, tunangoja kitulie, kisha mrija unazama sekunde 45. Unatoka, tunaupangusa ukauke kabisa, kwa kuwa hata tone la maji ya kawaida likichanganyika na mbegu huziua. Tunakata ncha yake wima na kuutia kwenye bomba la kupandishia.

Hapo kuna jambo la Pwani ambalo waliofunzwa bara huenda wakalipuuza. Vitabu vingi huonya bomba lisiwe baridi, kwa sababu mbegu zilizokwisha kupashwa zikipoa ghafla hushtuka na kufa. Kwetu onyo hilo ni la asubuhi za kusi zenye mvua. Miezi mingine hatari ni kinyume: bomba la chuma lililolala juu ya kiti cha pikipiki saa saba mchana halishikiki, na mbegu haziwezi kustahimili joto la juu ya nyuzi 40. Letu linakaa ndani ya mfuko, kivulini, na likitiwa mrija linafunikwa kwa taulo lisipigwe na jua wala upepo. Kutoka kuyeyusha hadi kupandisha hatuzidishi dakika 15. Mrija uliokwisha kuyeyuka haugandishwi tena, hata ng'ombe akionekana hayuko tayari. Hutupwa, na hasara ni yetu.

Kuna wanaokuja na mirija kwenye chupa ya chai iliyotiwa barafu, kwa bei ya chini. Barafu ya kawaida iko karibu nyuzi sifuri. Mbegu zilizofika kwako hivyo ziliyeyuka zamani, polepole, barabarani. Wapo pia wanaoyeyusha mfukoni au kwapani. Mkatae kwa heshima, mzee wangu, hata kama ni mtoto wa jirani.

Upande wako ni saa. Mbegu iliyogandishwa haiishi ndani ya ng'ombe muda mrefu kama ile ya dume aliyepanda mwenyewe, kwa hiyo kuwahi sana na kuchelewa vyote ni hasara. Ng'ombe aliyesimama akapandwa na wenzake alfajiri hupandishwa jioni ya siku hiyo. Wa jioni hupandishwa asubuhi inayofuata. Msimu wa joto kali dalili huwa fupi na nyingi hutokea usiku, basi mtazame kabla hujalala na kabla jua halijachomoza. Mfungie kwenye kivuli chenye maji, kwani ng'ombe aliyechemka mwili hashiki vizuri hata kwa mbegu bora. Na mbegu ikiwa bora kabisa, bado si kila ng'ombe hushika mara ya kwanza. Hilo hatutakuficha.

Kabla hatujaondoka, dai mrija mtupu. Umeandikwa jina na namba ya fahali na aina yake, Sahiwal, Ayrshire, Jersey au nyingine. Uhifadhi pamoja na karatasi ya tarehe. Siku 18 hadi 24 baadaye mchunguze kama amerudi joto, na asiporudi tutakuja kumpima mimba akitimiza miezi mitatu. Ukimwona yuko tayari alfajiri, tupigie kabla ya saa tatu asubuhi, tupange zamu ya jioni na naitrojeni ya kutosha.